Brashi Zenye Chale: Fundi Aliyekataa Kumficha Nguruwe

Saa mbili asubuhi, moshi wa kuni mbichi umejaa uchochoroni nyuma ya soko, na katikati ya moshi huo mwanamke mwenye aproni ya turubai anakoroga sufuria ambayo hakuna mtu atakayemwomba aionje.

Sufuriani hakuna chakula. Kuna nywele za nguruwe, zimefungwa mafungu mafungu kwenye vijiti ili zisijikunje, zinachemka katika maji ya sabuni. Harufu yake ni ya mbwa aliyenyeshewa akaja kulala jikoni. Wapita njia wanashika pua. Yeye anawatazama mmoja mmoja, bila haraka, mpaka wanaona haya na kushusha mikono.

"Mtu anashika pua kwa mkono wa kulia," anasema, "wa kushoto umebeba kopo la rangi. Sasa hiyo rangi atapaka kwa ulimi?"

Sokoni anaitwa Bi Haiuzwi. Jina la kuzaliwa analo, ila hata mwenye nyumba wake ameshalisahau. Hili la sasa alipewa kwa sababu, katika soko ambalo kila mtu anakauka koo kwa kuita wateja, yeye ndiye anayewafukuza. Ukija kutafuta brashi ya viatu ukashika ya kupakia rangi, anakunyang'anya. "Hiyo haiuzwi kwako," anakuambia, kisha anakupa inayokufaa, hata kama bei yake ni ndogo kuliko ile uliyokuwa umeshika.

Ana miaka arobaini na sita. Ni mwembamba, mrefu, na ana vidole vyenye ngozi ngumu kama kisigino. Siku kazi ikienda vizuri, yeye na mdogo wake hutoa brashi thelathini hivi, na brashi moja ya rangi haizidi bei ya mikate miwili. Kwa brashi hizo amesomesha watoto wawili na kulipia chumba cha kazi chenye dirisha moja na bati linalovuja upande wa mlango.

Siku hizi chumba hicho kiko mashakani. Kilichokitia mashakani ni alama ya kisu isiyozidi upana wa ukucha, ambayo fundi huyu huikata kwenye mpini wa kila brashi. Akiacha kuikata, mambo yake yatanyooka kesho asubuhi. Hataki kuiacha.

Anapoepua sufuria, anachukua fungu moja, analikamua, analinyoosha juu ya meza. Nywele ni nyeusi, ngumu, ndefu kama kidole cha shahada. Hizi, anaeleza, hutoka mahali pamoja tu kwenye mwili wa nguruwe: juu ya uti wa mgongo, kuanzia shingoni hadi karibu na mkia. Za tumboni hazifai, ni laini na hazina msimamo.

"Umewahi kumwona nguruwe akikasirika?" anauliza. "Anatulia hivi, halafu nywele za mgongo zinasimama zote. Hizo ndizo ninazotaka mimi. Nywele isiyojua kusimama haiwezi kupaka ukuta."

Ana nadharia yake kuhusu wanyama, na ukiwa na muda ataimwaga yote. Kila mnyama, anasema, ana nywele zake za ubishi. Paka anazo mdomoni, ndiyo maana haingii tundu asilolipima. Farasi na ng'ombe wanazo mkiani, za kuwakatalia nzi. Nungunungu yeye alizidisha ubishi mpaka nywele zikawa miiba. "Na binadamu?" anaulizwa. Anajigusa utosini, penye nywele fupi zilizoanza mvi. "Binadamu anazo ndani," anajibu, na kuendelea na kazi.

Kazi yenyewe inataka subira ya mtu wa kuchambua mchele. Kwanza anazipitisha nywele kwenye kitana cha chuma chenye meno marefu, ili zile laini zibaki kwenye meno. Kisha anazigonga mezani, ta ta ta, mpaka mashina yote yakae sawa. Shina huwa upande mmoja, ncha upande mwingine, na hapo ndipo penye siri ya kazi. Ncha ya nywele ya nguruwe haikuchongoka. Imepasuka pasuka kama mwisho wa uzi uliochoka, na mipasuko hiyo ndiyo inayoshika rangi na kuilaza ukutani bila michirizi.

"Shina linaingia kwenye lami ya kugandishia mpinini, ncha inabaki nje. Daima," anasema. "Ukizigeuza, brashi inakwaruza kama paka anayekataa kuogeshwa."

Na ncha haikatwi. Mtu asiyejua kazi akiona nywele zimepishana kidogo, mkono unamwasha, anatamani kuchukua mkasi azinyoe zilingane. Akizinyoa, ameua brashi. Hili tulishike, maana mbele ya safari litatuhusu.

Alijifunza kwa shangazi yake, dada wa baba, aliyekuwa mpangaji wa nywele katika kiwanda cha brashi. Bi Haiuzwi aliingia kiwandani humo akiwa msichana, na kazi yake ilikuwa kufagia. Alifagia nywele zilizoanguka chini ya meza, na jioni shangazi alimwamuru azipange kabla ya kuzitupa, hii shina, hii ncha. Alilia mara nyingi. Shangazi hakumhurumia hata kidogo. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," alikuwa akimwambia, na kumsogezea rundo jingine.

Brashi za plastiki zilipojaa madukani, kiwanda kilifungwa. Wafanyakazi waliambiwa kila mtu achukue anachoweza kubeba. Wengine walichukua viti, wengine feni. Mmoja alibeba mlango, na mpaka leo anao, ila hajapata nyumba ya kuutia. Bi Haiuzwi alichukua kitana cha chuma na karai la lami, akachekwa njia nzima mpaka nyumbani.

"Walionicheka ndio wanaokuja kununua kwangu," anasema. "Brashi ya plastiki inapaka ukuta mmoja, wa pili inalala chini kama mlevi."

Alama ya kisu ilianzia kwa jirani. Mlango wa tatu kutoka kwake kuna mwoka mikate, mwanamume mpole wa sauti ya chini, ambaye imani yake haimruhusu kumgusa nguruwe. Bati zake za mikate huzipaka mafuta kwa brashi. Brashi hizo, kama za baba yake kabla yake, zilitoka katika kile kile kiwanda, na hakuna aliyewahi kumwambia zilikuwa za mnyama gani. Siku alipomuuliza Bi Haiuzwi, kwa mazungumzo tu ya jirani na jirani, fundi alishika moja, akaitazama ncha, akamwambia ukweli.

Mwoka mikate alitupa unga wote wa siku hiyo. Bati alizisugua kwa majivu mpaka zikang'aa. Kisha alirudi kwa Bi Haiuzwi, na maneno aliyomwambia, fundi huyu anayarudia mpaka leo kama mtu anayesoma hati.

"Dada, mimi sikatai nguruwe wako aishi. Kila mtu na meza yake. Ninachokataa ni kutoambiwa."

Tangu siku hiyo, hakuna brashi iliyotoka mikononi mwake bila chale. Chale moja kwenye mpini ni nguruwe. Chale mbili ni singa za mkia wa ng'ombe au farasi. Chale tatu ni nyuzi za mmea, mkonge au makumbi ya nazi. Wateja wamezoea. Hata asiyejua kusoma anapitisha kidole gumba kwenye mpini, akajua anachonunua. Msafisha viatu anataka mbili. Fundi rangi anataka moja. Mwoka mikate huchukua za chale tatu, na kila mara, kwa mazoea, huzipapasa tena akifika mlangoni kwake.

Mambo yalikwenda hivyo miaka mingi, mpaka akaja mtu ambaye uchochoro mzima unamwita Bwana Jumla.

Bwana Jumla hununua vitu vya mafundi wadogo na kuvipeleka kwenye maduka makubwa. Ni mtu wa manukato na maneno matamu, na tumpe haki yake, jicho la bidhaa analo. Aliijaribu brashi ya Bi Haiuzwi kwenye kiganja, akaipindisha, akaiachia, akaona inavyorudi. Palepale akasema atachukua kila brashi wanayotengeneza, kila wiki, bila kuchagua. Alikuwa na sharti moja tu.

"Hivi vikovu viondoke, mama," alisema. "Mpini uwe laini, upakwe vanishi. Na nywele zote ziwe nyeusi, zifanane. Mteja wa dukani hataki kuanza kuulizana mambo ya nguruwe mbele ya watu."

"Asipouliza, atajuaje?"

"Ndiyo raha yenyewe. Hajui, halimsumbui."

Bi Haiuzwi alimwambia huko ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Bwana Jumla akacheka, akaacha namba yake ya simu, akasema atapita tena baada ya wiki. Fundi alirudi kwenye kitana chake, akiamini mambo yamekwisha.

Hayakwisha, kwa sababu namba ya simu ilipokelewa na mdogo wake.

Mdogo wake anaitwa Kidosho, na jina limemkaa. Anapenda vitu vizuri. Hata kanga ya kufutia meza huikunja pembe kwa pembe. Ndiye mchonga mipini, nywele humwachia dada yake, na mipini hiyo ni mizuri kwelikweli, imenona katikati na kuchongoka kwa adabu mwishoni. Kwa miaka yote hiyo ilimuuma kuona dada yake akiichanja.

"Nilikuwa najiambia, dada anatengeneza bibi harusi halafu anamkata usoni," Kidosho anasema. Anasema haya akiwa ameinamisha kichwa, maana anayeyasikia amekaa karibu naye, anagonga nywele mezani.

Shangazi yao aliugua, na Bi Haiuzwi akaenda kumuuguza siku chache hospitalini. Kidosho akabaki na chumba, na brashi za wiki nzima zilizokuwa zinaning'inia tayari kwa kuuzwa. Alimpigia simu Bwana Jumla. Akanunua msasa na vanishi. Akasugua mipini mpaka chale zikatoweka. Akachovya nywele zote kwenye rangi nyeusi. Akazipanga kwa ukubwa, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo, kwa kuwa mnunuzi hununua kwa ukubwa. Na alipoona nywele zimepishana kidogo, mkono ulimwasha, akachukua mkasi.

Bi Haiuzwi anasema aliporudi, alisimama mlangoni akashindwa kuvua viatu. Brashi zilikuwa zimetundikwa safu kwa safu, zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Hajawahi kuona kitu kizuri namna ile ndani ya chumba chake.

"Umezinyoa?" aliuliza.

"Nimezipendezesha, dada."

"Kidosho. Umezinyoa zote?"

Mdogo mtu alianza kulia kabla hajajua kosa lake ni lipi. Kisha akaelezwa, akalia zaidi. Chale zimekwenda. Rangi ya asili imekwenda. Ncha zilizopasuka, ambazo kwazo dada yake angemtambua nguruwe hata gizani, ziko sakafuni, zimefagiliwa. Nguruwe na ng'ombe wamelala kitanda kimoja, na hakuna wa kuwatenganisha.

Bi Haiuzwi alijaribu. Alifumba macho akazipapasa moja baada ya nyingine. Nyingi alizijua, au alidhani anazijua. Kwa baadhi, kidole kilisema nguruwe na kiganja kikasema ng'ombe.

"Ningeweza kukisia," anasema. "Ningepatia nyingi. Lakini ile moja niliyokosea ingeenda kwa nani? Ingeenda kwa mtu kama jirani yangu, na asingejua mpaka anakufa. Hapana. Mkono wangu ni mzuri, lakini mkono si ushahidi."

Bwana Jumla alifika asubuhi iliyofuata na gari dogo la mizigo na wapakiaji wawili. Alipoziona brashi alipiga makofi. Uchochoro ulishajua kuna jambo. Muuza mitumba aliacha nguo zake, mafundi cherehani wakatoa vichwa madirishani.

"Sasa umeielewa biashara, mama," alisema Bwana Jumla, na kutoa pochi.

Bi Haiuzwi alitungua brashi moja, akamshikisha. "Hii ni ya nini?"

"Ya kupakia."

"Ya mnyama gani?"

"Ah, mama, nani anauliza hayo?"

"Mimi nauliza."

Bwana Jumla aliigeuza geuza, akatabasamu, akawatazama watu waliosimama kana kwamba wamsaidie kucheka. Hawakumsaidia. Bi Haiuzwi akaichukua brashi yake mkononi mwa yule bwana, akaiweka kwenye meza, akashika kisu, na kwenye ile vanishi iliyong'aa akakata chale. Moja. Akatungua ya pili, akakata. Akatungua ya tatu.

"Unafanya nini? Unaharibu mali!"

"Mali ya nani? Hujalipa," alijibu bila kuinua macho. "Kama sijui ni ya nini, basi ni nguruwe. Anayemkataa nguruwe atajiepusha. Asiyemkataa hatapungukiwa kitu. Kidosho, niletee za safu ya juu."

Kidosho alizileta. Machozi yalikuwa yanamtiririka, mipini ile aliisugua kwa mikono yake mwenyewe, lakini alizileta zote, mkumbo baada ya mkumbo. Watu walioshuhudia wanasema kelele pekee iliyosikika uchochoroni ilikuwa ya kisu kukwaruza vanishi. Bwana Jumla alisimama na pochi yake wazi, akasubiri labda mwanamke huyu atachoka. Hakuchoka. Mwishowe aliifunga pochi.

"Jeuri haijazi sufuria, mama," alisema akipanda gari.

"Sufuria yangu ina nguruwe, bwana," Bi Haiuzwi alimjibu. "Imejaa tangu alfajiri."

Uchochoro ulicheka siku nzima. Ila kicheko hakilipi kodi, na Bwana Jumla si mtu wa kuchekwa akanyamaza. Katika muda mfupi uvumi ulienea soko zima kwamba kwa yule mwanamke kila brashi ni nguruwe, na kwamba zile chale ni ujanja wa kuficha. Mama wauza vitafunwa walirudisha brashi zao za mafuta, wengine kwa heshima, wengine kwa kuzitupa mlangoni. Kinyozi aliyekuwa akichukua za kufutia shingo alianza kupita upande wa pili wa njia.

Mtu mwingine angenyamaza, upepo upite. Bi Haiuzwi alitafuta ubao, akachovya moja ya zile brashi zilizonyolewa kwenye rangi nyeupe, akaandika kwa herufi kubwa, zenye michirizi kila mahali kwa sababu ya ule mkasi wa Kidosho: NDIYO, TUNA NGURUWE. CHALE MOJA. ULIZA. Akautundika juu ya mlango.

"Lisemwalo lipo," anasema. "Wakisema nina nguruwe, ni kweli ninaye. Nimewasaidia kutangaza."

Ubao huo ndio uliomleta mwenye nyumba. Alikuja kwa upole, akakaa, akanywa maji. Alisema wapangaji wengine wanalalamika, na kwamba yeye binafsi hana neno na nguruwe wala na harufu. Anachoomba ni ubao tu ushushwe, na hizo chale zipumzike kidogo mpaka watu wasahau. Vinginevyo, mwisho wa mwezi chumba kitapata mtu mwingine.

"Nilimuuliza, 'Baba, kwa hiyo nguruwe hana shida, shida ni kumtaja?' Akasema, 'Hapo umenielewa, binti yangu.'" Bi Haiuzwi anacheka kicheko kikavu. "Basi nikamwambia atafute huyo mtu mwingine."

Mtu wa kwanza kumtetea hadharani alikuwa yule ambaye wengi walidhani angekuwa wa kwanza kumlaani. Mwoka mikate alitoka dukani kwake na brashi yake ya chale tatu, akasimama katikati ya uchochoro mchana kweupe, akaipaka mafuta bati moja mbele ya waliokuwa wanamshangaa, akarudi ndani. Alipofuatwa na maswali alijibu kwa kifupi.

"Katika soko hili, kwa habari ya nguruwe ninamwamini mtu mmoja tu," alisema. "Ni yule anayekiri kwamba anaye. Hao wengine wote wananiuzia mbuzi kwenye gunia."

Hata hivyo, urafiki wao una mipaka, na wote wawili wanaiheshimu. "Sufuria yake siitaki uani kwangu, na yeye anajua," anasema mwoka mikate. "Hajawahi kuniomba."

"Na sitamwomba," anadakia Bi Haiuzwi. "Mimi nimefukuzwa kwa sababu ya kutochanganya vitu, sasa nikavichanganye kwa jirani?"

Fundi rangi mmoja mzee, ambaye wenzake humwita Chokaa kwa vile hajawahi kuonekana akiwa na nguo safi, naye hakumtupa. Zile brashi zilizonyolewa, ambazo ukutani hazifai, alizichukua zote kwa ajili ya kupakia lami kwenye mitaro, na akawaambia mafundi wenzake wafanye hivyo hivyo. "Brashi mbaya ya mtu mkweli ina kazi yake," anasema. "Brashi nzuri ya mwongo utaifanyia nini?"

Siku zimebaki chache. Ndani ya chumba, gunia la kufungia kitana cha chuma liko tayari na karai la lami limepinduliwa kando ya mlango. Bi Haiuzwi amepiga moyo konde na kuigawa kazi yake mara mbili. Kazi ya nguruwe itahamia kwenye kibanda kisicho na kuta kando ya machinjio, ambako mchinjaji amemruhusu kuchemsha na kuanika. Singa za mkia na nyuzi za mmea zitashonewa nyumbani kwake, chumbani alimolala, na kuuzwa kwenye kimeza mbele ya duka la mikate. Yeye atakuwa machinjioni. Kidosho atakuwa nyumbani. Kisu kimoja kitakuwa huku, kingine kule.

Ni maisha magumu kuliko yale ya mwezi uliopita, na hajifanyi hayaoni. Machinjioni mvua ikinyesha kazi inasimama. Nyumbani, kitanda kitabidi kiinuliwe kila asubuhi kisimamishwe ukutani. "Naogopa," anasema waziwazi. "Nani asiyeogopa? Lakini nikiogopa huku nimesimama, si sawa na kuogopa nimelala."

Wakati mazungumzo haya yanaendelea, simu ya Kidosho inaita. Anaitazama, anamtazama dada yake, anaiweka spika. Ni Bwana Jumla. Sauti yake ni tamu vilevile. Amesikia wanahamishwa, amesikitika. Yeye hana ugomvi na mtu. Ana chumba kizuri, kina umeme, na angependa Kidosho akichukue yeye mwenyewe, atengeneze brashi zake kwa jina lake, mipini laini, kama ile siku. Dada yake hahitaji hata kujua.

Bi Haiuzwi anaacha kugonga nywele. Uso wake, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, haujui uende wapi.

Kidosho anasogeza simu karibu na mdomo.

"Nitakutengenezea, bwana," anasema. "Mipini laini, vanishi mara mbili. Ila kila mpini nitauchoma kwa chuma cha moto, niandike namba yangu ya simu. Mteja wako akitaka kujua amenunua mnyama gani, anipigie, nimwambie."

Upande wa pili simu inakatwa.

Bi Haiuzwi anafuta uso kwa upindo wa aproni, na anasema ni moshi, ingawa moto ulishazimwa. Anamvuta mdogo wake kwa bega, anamtikisa kidogo, namna dada wakubwa wanavyofanya. Kisha anamwambia wazo lile ni zuri kuliko alilokuwa nalo yeye, chuma kinapatikana kwa fundi vyuma, na wataanza na brashi za kesho.

Anapoulizwa anatarajia nini baada ya yote haya, kama ni karakana kubwa, kama ni kumshinda Bwana Jumla, anatikisa kichwa.

"Karakana nikipata sitaikataa," anasema. "Lakini ninachotaka ni hiki. Siku moja mtu aingie duka lolote, la mtu yeyote, ashike brashi, aulize mbele za watu: hii ni ya mnyama gani? Na kama mwenye duka hajui, aone aibu yeye, si aliyeuliza."